Fremu ya 37

Fungua albamu ya familia yoyote ya Sinza, Dar es Salaam, ya miaka ya 1980 au 1990, utakuta picha ileile inajirudia. Wazee wamekaa kwenye viti vya sebuleni vilivyotolewa uani, vijana wamesimama nyuma yao, watoto wamechuchumaa mbele. Miguu yote inaonekana, na hakuna aliyepigwa na jua usoni. Wajukuu wanaozipekua leo huziona ngumu, kama picha ya kitambulisho ya ukoo mzima. Mimi naona hesabu iliyopigwa vizuri sana.

Tuanze na umbali. Kamera kama Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, kwa kawaida ilitumiwa na lenzi ya milimita 50. Ukisimama mita 5 kutoka kwa watu, lenzi hiyo inakamata upana wa mita 3.6 na kimo cha mita 2.4. Watu wanane waliobanana wanaenea, na viatu vya sikukuu, vilivyonunuliwa kwa shida, havikatwi. Lakini mita 5 kwenye ua wa Sinza si jambo dogo. Mtaa huu ulipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja uliokopeshwa fedha na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, na kila mwenye kiwanja alijenga, kisha akaongeza vyumba vya uani. Mpiga picha aliishia mgongo umegusa geti, wakati mwingine nje ya geti kabisa, huku akisema, "Sogeeni, sogeeni, Bibi tusogelee kidogo." Ule mbano unaoonekana kama mapenzi ya ndugu ulitokana na lenzi kwanza, mapenzi baadaye.

Tundu la lenzi likiwekwa f/8 na fokasi mita 5, kila kilicho kati ya kama mita 3.4 na mita 9.6 hutoka safi. Safu tatu za watu zinaingia humo bila wasiwasi. Ndiyo maana f/8 ilipendwa, na ndiyo maana hata ndoo na kamba ya nguo nyuma ya Bibi zimetoka kali kama Bibi mwenyewe. Leo simu hulipaka ukungu eneo la nyuma ili uso ujitokeze. Afadhali ile ndoo: inakwambia ilikuwa nyumba ya nani.

Kazi ngumu ilikuwa mwanga. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana huwa karibu utosini na macho hugeuka mashimo meusi. Jioni nayo haina subira. Jua huzama kati ya saa 12 na saa 1, mwaka mzima, tena kwa kushuka wima, na ule mwanga wa dhahabu unapita kabla mjomba hajamaliza kufunga tai. Dirisha zuri lilikuwa kuanzia saa 10 alasiri, kwenye kivuli cha nyumba, ukuta wa jirani ukirudisha mwanga. Kanuni ya zamani inasema jua kali ni f/16, na kasi ya shata iwe sawa na namba ya mkanda: ASA 100 kwa 1/125. Kivulini unafungua hatua tatu, unafika f/5.6. Ukitaka f/8 yako, weka mkanda wa ASA 200.

Hapo kipima mwanga kinaingia na uongo wake. Chenyewe hudhani dunia nzima ni kijivu. Kionyeshe kanzu nyeupe na ukuta wa chokaa, kitapunguza mwanga, na nyuso zitaungana na kivuli. Wajuzi walipima kiganja cha mkono kilichowekwa palepale penye watu, kisha wakafungua hatua moja. Viganja vya watu havitofautiani sana kwa weupe, hata rangi za nyuso zikitofautiana. Na mkanda wa negativu husamehe mwanga uliozidi kuliko uliopungua, kwa hiyo ukikosea, kosea upande huo.

Tusisahau kwamba mikanda ya rangi yenyewe ilirekebishwa kwa ngozi nyeupe. Maabara za Kodak zilipimia rangi kwa picha za wanawake Wazungu, na Jean-Luc Godard alikataa kutumia mikanda yao Msumbiji miaka ya 1970 kwa sababu hiyo. Mpiga picha wa Sinza hakuwa na anasa ya kukataa. Aliongeza mwanga, akaendelea na kazi.

Studio zilikuwa na njia nyingine. Ranchhod Oza wa Capital Art Studio, Unguja, tangu 1930, na N. V. Parekh wa Mombasa walikuwa na taa zisizohama na pazia lisilochakaa kwa mvua. Ukienda kwao ulikwenda kuwa mtu mwingine kwa dakika kumi. Uani ulibaki wewe, na kandambili zako pembeni.

Usiku wa send-off ilikuwa flashi, na flashi ina sheria ngumu: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unabaki robo. Shangazi aliye mita 2 anang'aa kama karatasi, aliye mita 4 amezama. Dawa ni kupanga watu nusu duara, wote wakae umbali mmoja na kamera.

Kuhusu kusafisha, joto letu lina upendeleo. Mkanda wa rangi husafishwa kwa nyuzi 37.8, na maji ya bomba ya Dar yameshapanda sehemu kubwa ya njia. Mkanda mweusi na mweupe unataka 20. Ilford HP5 Plus katika dawa ya D-76 isiyochanganywa huchukua dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20, lakini kwa 24 ni kama 5 tu, na kwa muda mfupi hivyo madoa huja kirahisi. Changanya dawa na maji nusu kwa nusu, upate muda mrefu zaidi, na chupa ya dawa ikae kwenye beseni la barafu. Anayepiga picha za ndugu zake kwa mkanda leo asiiruke hatua hii. Ndiyo tamu kuliko zote.

Mwisho, ile fremu ya ziada. Mkanda wa 36 ukifungwa kwa mkono, kwa kubana, hutoa 37. Thelathini na sita zilikuwa na wenyewe, zimeshalipiwa. Ya 37 ilikuwa bure, na aliipata aliyekuwa karibu: dada wa kazi, fundi wa geti, mtoto wa jirani aliyekuja kuchungulia. Ukipeleka negativu za zamani zikaskaniwe, sema mapema kwamba unataka mkanda wote, pamoja na kile kipande kifupi kilichobaki peke yake baada ya kukatwa sita sita. Wasipoambiwa, mafundi wengi huishia 36.