Samba Diallo alisoma saa ngapi?

Wenzangu, kila mara mtu akipata semesta ya kwenda kusoma inje, iwe Liège, iwe Dakar ao Montpellier, kuko mkubwa mmoja atamwambia: "Soma kwanza L'Aventure ambiguë." Anasema vile na sura ya mtu anayekupa dawa ya malaria mbele ya safari. Mimi naona hiki kitabu ni kizuri sana. Naona pia kama tunakitumia vibaya, na kosa si la wasomaji peke yao. Kitabu chenyewe kina sehemu yake.

Kwa wale waliokisoma kwa vipande tu, mu kopi za kozi ya Kifaransa ku sekondari (njo kusema karibu sisi wote): Cheikh Hamidou Kane, mwandishi wa Senegal, alikitoa mu 1961, na mu 1962 kilipata Grand Prix littéraire d'Afrique noire. Samba Diallo ni mtoto wa ukoo mkubwa wa Wadiallobé. Anasoma Kurani kwa Mwalimu Thierno, mzee mkali anayempenda na anayemuumiza. Kisha wanamtoa pale, wanamwingiza mu shule ya Wazungu, na mwisho anafika Paris kusoma filozofia. Imani inapunguka, baba anamwita, anarudi. Mwenye wazimu wa kijiji anamuua, juu amekataa kusali.

Sehemu ya kwanza inabeba kitabu kizima, na ndani yake kitu cha nguvu kuliko vyote ni hotuba ya la Grande Royale, dada mkubwa wa chifu. Anakusanya watu, hata wanawake, kitu ambacho hakikuwa desturi, na anawauliza juu ya mashamba. Mashamba yetu mazuri tunayafanya nini mbele ya mvua? Tunayachoma, tunayapiga jembe. Na mbegu? Tungependa kuila, lakini tunaizika. Basi shule itafanya vile kwa watoto wetu, na tuwapeleke tukijua.

Mtu wa agronomia akifika hapo lazima asimame. Huyu mama anajua anachosema. Mama wa Walungu anayefunga kilo chache za maharagi mu kitambaa kungoja mvua ya Septemba, na watoto wako na njaa mu nyumba, anaelewa hii hotuba bila profesa wa Kifaransa. La Grande Royale hadanganyi watu kama shule ni faida tupu. Anawaambia bei mbele ya kununua. Wangapi kati yetu waliambiwa bei?

Lakini mfano wake unakatika mapema. Mbegu haifi mu udongo. Inakunywa maji, inapumua, inaota ao inaoza, na hiyo inategemea udongo gani, mvua gani, mbegu yenyewe ilichungwa namna gani. Njo maana aina mpya ya maharagi iliyozaa vizuri ku kituo kimoja hatuigawanyi kesho yake kwa wakulima. Tunaijaribu pahali pengi, misimu zaidi ya moja, na mtu anapita mu mistari na daftari kuhesabu. Mu ile hotuba hakuna mwenye kupewa kazi ya kuhesabu. Na mu sehemu ya pili ya kitabu, pia hakuna.

Mimi sehemu ya pili nimeisoma mara tatu nikitafuta chuo kikuu. Samba Diallo yuko Paris kama mwanafunzi, sawa. Anakula kwa wazazi wa Lucienne, baba yake mchungaji, na wanazungumza juu ya Pascal. Lucienne ni mkomunisti, wanabishana. Ku boulevard Saint-Michel anakutana na mzee Pierre-Louis, anafika kwake, anajuana na Adèle, mjukuu wake. Kila mtu anasema vizuri, kila mtu anasema kama kitabu. Lakini profesa anayemrudishia kazi yenye wino mwekundu yuko wapi? Chumba cha kulipa kila mwezi? Maktaba? Sesio? Riwaya yetu kubwa juu ya kusoma inje, na masomo hayana nafasi ndani.

Mtu atanijibu: Kane hakuandika riwaya ya maisha ya banafunzi, aliandika hadithi ya mawazo. Nakubali. Ila basi tusimpe mtu anayefunga valizi kama vile ni kitabu cha njia.

Mimi mwenyewe nilipita semesta moja Gembloux, Ubelgiji, juu ya udongo. Kule, mu Hesbaye, udongo ni limo, laini na wa kina, na ngano na betiravi ya sukari vinasimama mpaka jicho linachoka. Kwetu ku milima ya Walungu udongo una asidi, umechoka, na fosfori inashikwa na udongo wenyewe mbele mmea haujaifikia. Ungebeba vipimo vya mbolea vya kule na kuvimwaga huku, ungepoteza makuta na msimu. Kilichoweza kupanda ndege ni namna ya kufanya: kupanga majaribio, kuchukua sampo, kusoma karatasi ya laboratwari bila kuiamini haraka. Ile semesta ilinichosha, sesio ya Januari kwa baridi si mchezo. Lakini hakuna mtu aliyeniomba kuchagua kati ya Mungu na pedolojia.

Sisemi Kane alitunga hofu ya bure. Samba Diallo aliondoka mu inchi iliyotawaliwa na wale wale waliokuwa wanamfundisha, na alikaa miaka, si miezi mitano. Na kuko mtu mmoja mu kitabu ambaye kwake naamini kila neno juu ya Ulaya: yule mwenye wazimu. Alifika kule mbele, alirudi ameharibika, anavaa koti la Kizungu juu ya boubou. Anamweleza Mwalimu ile sakafu ngumu, sauti ya viatu, na ginsi alitafuta mguu wa mtu bila kuuona. Kurasa chache tu. Zinapita maneno yote ya Saint-Michel, juu zinatoka mu mwili na mu udongo.

Angalieni sasa mwisho: watu wawili wamerudi kutoka Ulaya, wako peke yao ku kaburi la Mwalimu, na mmoja anaua mwingine. La Grande Royale alikuwa ametuma watoto wajifunze kwa Wazungu ginsi mtu anashinda bila kuwa na haki. Ile ilikuwa kazi waliyopewa. Samba Diallo anarudi, na anayemfuata kila hatua anamwuliza swali moja tu: utasali? Ulijifunza nini, hakuna anayemwuliza.

Hapa kitabu kinatugusa kweli, na walimu hawatuonyeshi. Mwenzetu mmoja alirudi na semesta nzima, krediti 30 zenye muhuri. Fakulte yake ikamwambia arudilie kozi zote. Jamaa wakamwuliza kama alileta simu. Daftari zake za majaribio hakuna asistanti aliyezifungua.

Kane mwenyewe, baada ya Paris, alirudi Senegal, akawa gavana wa mkoa wa Thiès, akafanya kazi na UNICEF, akawa waziri. Alikuwa na cha kutueleza juu ya kurudi na kutumika, na shujaa wake hakumpa hata mwaka mmoja wa kujaribu.

Wenye kuondoka mu Septemba, kibebeni tu. Sehemu ya kwanza muisome polepole. Ya pili muisome na kalamu, na kila pahali wanaanza tena na Pascal, andikeni pembeni: huyu kaka anaenda ku maktaba saa ngapi?