Vichochoro vya Gizani na Hoja za Wanaovipita



Wengi wetu tukisikia "mchezo wa kompyuta" hudhani ni kitu kimoja tu: kelele, risasi, na mtoto asiyeitika anapoitwa na mama yake. Huko ni kukata hukumu bila ya kusikiliza mashahidi. Michezo hii ina aina zake kama hadithi zilivyo na aina zake, na katika hizo imo yenye kumchezesha mtu akili na imo yenye kumchezea. Leo tutaizungumza aina moja tu, kwa kuwa wanaoicheza wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 40, na katika mabishano yao mna jambo linalotuhusu sisi wazazi na walezi.

MCHEZO WENYEWE

Katika mchezo huu mtu huongoza kikosi kidogo, mara nyingi watu wanne au sita, akaingia nacho chini ya ardhi katika vichochoro vyenye giza. Hawaangalii watu wake kwa juu, kama anavyoziangalia kete mtu aliyeinamia ubao wa dama. Huona kile ambacho macho yao yangekiona: ukuta mbele, mlango kushoto, giza kulia. Huenda hatua moja moja, na akigeuka hugeuka robo ya duara. Aliyewahi kuingia mara ya kwanza katika mitaa ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Unguja bila ya mwenyeji ataifahamu hali hiyo: kila kona yafanana na ile iliyopita, na mtu hujikuta amerudi pale pale alipoanzia.

Ulioeneza mtindo huu ni Wizardry, uliotolewa Marekani mwaka 1981 kwa kompyuta ya Apple II. Waliouandika ni Andrew Greenberg na Robert Woodhead, na jina la mchawi anayewindwa, Werdna, ni Andrew lililosomwa kinyumenyume. Chini ya ardhi mna tabaka 10, na kila tabaka ina miraba 20 kwa 20, yaani 400. Kwa hivyo mchezaji ana miraba 4,000 ya kuijua, na mchezo haumpi ramani yoyote. Huchukua karatasi ya miraba na kalamu, akachora mwenyewe kila ukuta anaoufikia.

Hapa ndipo penye chimbuko la ubishi wote. Wachezaji wamegawanyika katika mambo mawili makubwa: ramani, na mauti.

UBISHI WA RAMANI

Wako wasemao kwamba kuchora ramani kwa mkono ndio mchezo wenyewe. Ukiuondoa hubaki kitu. Na wako wajibuo kwamba hiyo ni kazi ya karani, na kwamba mashine iwezayo kukokotoa mapigano yote yale haishindwi kuchora mistari.

Tuwatazame wa kwanza. Katika Wizardry mna miraba imgeuzayo mtu bila ya yeye kuhisi: alikuwa akielekea kaskazini, sasa aelekea mashariki, na ukuta ulio mbele yake hautofautiani na ule wa kwanza. Aliyekuwa akichora kwa uangalifu huona, baada ya hatua tatu au nne, kwamba karatasi yake na kuta hazipatani, basi husimama. Asiyechora huendelea kutembea kwa uhakika mkubwa, na kila hatua yamzidishia umbali na mlango wa kutokea. Hili ni jambo la maana, wala ramani ya mashine haiwezi kulifundisha, kwani mashine haikosei na kwa hivyo haimlazimishi mtu kujishuku.

Lakini na wa pili wana haki yao. Wengi wa waliocheza mwaka 1981 walikuwa vijana wenye jioni ndefu. Leo ni baba na mama, na pengine ana saa moja tu baada ya watoto kulala. Kumwambia mtu huyo kwamba si mchezaji wa kweli kwa sababu hakushika kalamu ni kiburi, si hoja.

Jawabu iliyo bora kuliko zote ilitoka Japani. Mwaka 2007 kampuni ya Atlus ilitoa Etrian Odyssey kwa mashine ya Nintendo DS yenye vioo viwili. Kioo cha juu chaonyesha njia, na cha chini ni karatasi ya miraba ambayo mchezaji huichorea kuta na milango kwa kijiti. Mashine imempa karatasi, lakini mkono umebaki kuwa wake. Waliopenda ramani ya zamani wakaupokea, na wengi waliochoshwa na makaratasi wakaupokea vile vile. Na Legend of Grimrock, uliotolewa Finland mwaka 2012, ulichukua njia nyingine: mashine huchora ramani, lakini atakaye kucheza kwa desturi ya zamani huizima kabla ya kuanza, akachora mwenyewe.

UBISHI WA MAUTI

Ama ubishi wa pili ni mzito zaidi. Katika Wizardry mtu wako akifa, wenzake humbeba hadi hekaluni na kulipa ili ahuishwe. Pengine hufaulu. Pengine hugeuka jivu. Wakijaribu tena juu ya jivu lile na wakashindwa, basi amepotea moja kwa moja. Na wakifa wote sita humo vichochoroni, mchezaji hana budi kuandaa kikosi kingine kishuke kuwatafuta maiti. Kompyuta huyaandika hayo katika diski yenyewe, bila ya kumwomba mchezaji ruhusa, wala hapana kurudi nyuma.

Basi wachezaji walifanya nini? Wengi walipoona balaa imeingia, walikimbilia kuifungua sehemu ya kutilia diski, au kuizima mashine, kabla haijaandika. Wengine waliweka nakala ya diski pembeni. Hila hii ilikuwa ikijulikana sana, na mpaka leo wamebishana juu yake. Mmoja husema: "Huo ni udanganyifu." Mwingine hujibu: "Diski ni yangu, na saa nilizozitumia ni zangu. Nimemdhulumu nani?"

Ni kweli hakumdhulumu mtu mwingine. Lakini tumtazame mchezaji wa bao. Amekwisha kutembeza kete, akaona matokeo hayamfai, akazirudisha mashimoni na kuanza upya. Hata akiwa peke yake na ubao wake, je, amecheza bao? Alichokitafuta mtu huyu katika vichochoro ni khofu ya kona asiyoijua, na furaha ya kuwatoa wenzake wakiwa hai. Alipoichomoa diski aliiondoa khofu, na furaha ikaondoka pamoja nayo, kwani hapana salama kwa asiyekuwa katika hatari. Amebaki na namba kubwa za nguvu na silaha, lakini kisa cha kusimulia hana.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusivuke mpaka. Wako wanaosifu ugumu kwa kuwa ni ugumu tu, na hawa nao wamekosea. Yafaa tutenganishe msiba wenye sababu na msiba usiokuwa nayo. Katika Wizardry mna uwezo wa kukihamisha kikosi mara moja kutoka mahali hadi mahali kwa kutaja hesabu ya miraba. Ukikosea hesabu ukakitia ndani ya jiwe, wote wamekwisha. Ni hukumu kali, lakini ina haki: hesabu ulifanya wewe, na karatasi ilikuwa mbele yako. Ama kushambuliwa ghafla, ukakatwa kichwa kwa pigo moja kabla hujaamrisha lolote, kisha hekalu likapokea fedha zako na kukurudishia jivu, hayo hayamfundishi mtu kitu. Ni kete zimeanguka vibaya. Anayekwambia mambo mawili haya ni sawa kwa kuwa yote yanauma, hakuupima mchezo. Amepima maumivu yake.

Kwa kipimo hicho naona Dungeon Master, uliotolewa mwaka 1987 kwa kompyuta ya Atari ST, ni mchezo wa haki zaidi. Mchezaji huchagua mashujaa wasiozidi wanne. Mienge yao huisha mafuta, na lazima wale na wanywe. Mtu huzidi ustadi katika lile analolitenda: arushaye huwa mrushaji hodari, na asiyetenda habadiliki. Akifa, wenzake huibeba mifupa yake hadi mahali pa kumhuisha. Tena adui hamngoji mchezaji afikiri: saa yaenda na yeye yuaja. Hapa kila msiba waweza kuulizwa sababu yake, na jawabu ikapatikana: uliusahau mwenge, hukuweka akiba ya maji, ulichelewa kuufunga mlango.

Nao una aibu yake. Wachezaji waligundua kwamba ukipiga, ukasogea pembeni, ukageuka na kupiga tena, adui hakupati. Wengi wamelalamika kwamba vita imegeuka ngoma ya kuzunguka, na lalamiko hilo limewafuata hata waliocheza Legend of Grimrock miaka 25 baadaye. Lalamiko ni la kweli. Hila hiyo humfanya mtu mwenye vidole vyepesi amshinde mwenye fikira nzuri, ilhali mchezo ulianza kwa kuahidi kinyume chake.

UCHAWI ULIOMO

Msomaji ataniuliza: je, haya majina ya uchawi na mashetani? Jawabu yangu ni fupi. Hizi ni hadithi, na sisi wa pwani tumelelewa na hadithi za majini na wachawi tukiwa mapajani mwa bibi zetu, wala hatukutoka huko kuwa wachawi. Mtoto afundishwe kutofautisha hadithi na itikadi. Akishaijua tofauti hiyo, mchawi wa kwenye kioo hana uwezo juu yake. Hatari iko pahali pengine, na pahali hapo hapatishi kwa kuangalia.

BAHATI INAYOUZWA

Jina la Wizardry lilipendwa sana Japani, na michezo mingine mingi imetengenezwa huko kwa jina hilo. Mnamo Oktoba 2024 kampuni ya Drecom ilitoa Wizardry Variants Daphne, mchezo wa simu. Kuupata ni bure. Waliozoea ule wa zamani wameusifu kwa giza lake, kwa ukimya wake, na kwa mauti yake yenye uzito. Lakini wasaidizi wa mchezaji hupatikana kwa kuvuta bahati: huvuta bila ya kujua atakayemtoka, na atakaye kuvuta zaidi aweza kutoa fedha, fedha za kweli. Wachezaji wenyewe wamegawanyika. Mmoja asema amecheza muda mrefu bila ya kutoa senti. Mwingine asema hatakanyaga tena mahali ambapo ushujaa huuzwa kwa bahati nasibu.

Mimi niko pamoja na huyu wa pili. Aliyeichomoa diski mwaka 1981 alijipunja mwenyewe, na hila yake haikumgharimu kitu. Huyu wa leo huuziwa kubahatisha, na muuzaji hupata faida kila mara mvutaji anapokosa. Kutoa fedha kwa kubahatisha kwetu kuna jina lake, na jina hilo ni kamari, hata likipambwa kwa picha nzuri. Kule mashine ilimwambia mtu: "Umekosea, chora upya." Hapa yamwambia: "Hukubahatika, lipa tena." Mwenye kusikia maneno ya kwanza mara nyingi huwa mwangalifu. Mwenye kuzoea ya pili hujifunza kwamba kila hasara ina mlango wa fedha, na siku fedha zikimwisha hana alilolijua.

NASAHA KWA WAZAZI

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukimkuta mwanao yumo vichochoroni humo, usianze kwa kumnyang'anya simu. Keti naye dakika chache umuulize mambo matatu. La kwanza: ulipopotea, ulirudi vipi? Akikueleza njia kwa mpango, akili yake yafanya kazi. La pili: ulipowapoteza watu wako, kosa lilikuwa la nani? Akisema "langu" na akakuonyesha lilipo, amepata faida ambayo watu wazima wengi wameikosa. La tatu: je, mchezo huu huomba fedha, na huziomba wakati gani? Hili liangalie kwa macho yako mwenyewe, tena usimwachie simu yenye fedha ndani yake kabla hujaliangalia.

Kisha mpimie muda. Hata mchezo ulio wa haki kuliko yote una miraba mingi, na jioni za mtoto hazina nakala ya akiba pembeni. Wachezaji wameshindana miaka 40 kama inafaa kuichomoa diski au haifai. Ama jioni iliyokwisha pita, hilo hawakulibishania, kwani hakuna aliyewahi kuirudisha.

Wassalaam.