Achilles wa Baiskeli na Mbeba Maji: Kumsoma Upya Dino Buzzati

Muhula uliopita nilisoma makala yangu mbele ya semina ya fasihi linganishi. Nilikuwa nimemchagua Dino Buzzati, mwandishi wa Kiitaliano, na hoja yangu ilikuwa nyepesi: kwamba mashindano ya baiskeli ya masafa marefu ni utenzi, na yule anayetangulia kupanda mlima ndiye shujaa wake. Nilipomaliza wenzangu walipiga makofi. Halafu dada mmoja wa mwaka wa pili, aliyekaa nyuma kabisa, akanyoosha mkono. "Sawa kaka, nimekusikia. Sasa huyo shujaa maji ya kunywa alikuwa analetewa na nani?" Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, maana jibu sikuwa nalo. Ninaandika makala haya ili nimjibu.

Kwa msomaji asiyekijua kitabu chenyewe, ni vyema nianze na historia yake kwa ufupi. Mwaka 1949 gazeti la Corriere della Sera la Milano lilimtuma Buzzati, ambaye tayari alikuwa mwandishi wa riwaya mwenye jina, aufuate msafara wa Giro d'Italia. Mashindano yalianza Palermo, kisiwani Sicily, tarehe 21 Mei, yakavuka mlango wa bahari hadi Calabria, yakapanda kaskazini mpaka milima ya Alps, yakamalizika tarehe 12 Juni. Ripoti alizokuwa akizituma gazetini zilikusanywa zikawa kitabu mwaka 1981, miaka 9 baada ya kifo chake. Mimi nimekisoma kwa tafsiri ya Kiingereza.

Mafahali walikuwa wawili. Mmoja ni Gino Bartali, mkongwe wa miaka 34. Mwingine ni Fausto Coppi, miaka 29, mtoto wa wakulima wa kijiji cha Castellania, ambaye ujanani alitumwa na mwenye bucha kupeleka nyama kwa wateja kwa baiskeli. Tarehe 10 Juni hatua ya siku ilikuwa kutoka Cuneo hadi Pinerolo, kilometa 254, na milima mitano ya kupanda: Maddalena, Vars, Izoard, Monginevro na Sestriere. Zikiwa zimebaki kilometa 192 Coppi akawaacha wenzake, akaendesha peke yake hadi mwisho. Bartali alifika wa pili, karibu dakika 12 baadaye. Buzzati alipomwona Bartali akihangaika mlimani Izoard alikumbuka alivyokuwa mwanafunzi mdogo, siku aliposoma namna Hector alivyouawa na Achilles. Anajiuliza kama mfano huo haujazidi kipimo kwa watu wanaokanyaga pedeli, kisha anaukubali.

Kwa upande wa fani, hapana shaka mfano huo umefaulu. Buzzati hamshangilii mshindi, anamlilia anayeshindwa. Tena Bartali anayemchora hashindwi na Coppi peke yake. Anashindwa na umri, na umri hauna mtu wa kuulaumu. Ndiyo maana hata sisi ambao hatujawahi kuiona Izoard tunaguswa. Hili nililisema kwenye semina na leo silifuti.

Tatizo liko kwenye maudhui, nalo linaanza pale tunapoitazama barabara yenyewe. Katika maandishi mengi kuhusu mashindano haya mlima ni mhusika. Roland Barthes, katika kitabu chake Mythologies cha mwaka 1957, aliyaita mashindano ya Ufaransa utenzi, na Mont Ventoux akauona kama mungu mkatili anayedai sadaka. Sawa. Lakini hebu tujiulize: mbona mlima unakuwa mhusika na shamba la mizeituni halifiki hata cheo hicho? Nadhani jibu ni hili. Mlima unapunguza watu. Wanaanza kundi zima, wanabaki kumi, wanabaki wawili, anabaki mmoja. Mlima unamtengenezea mtunzi shujaa bila yeye kutoka jasho. Shamba la mizeituni kazi yake ni kinyume. Linataka mikono mingi, siku nyingi, na hakuna anayefika wa kwanza.

Tena kuna suala la kalenda, ambalo katika semina hata halikunijia akilini. Giro hupita kusini mwezi wa Mei, mizeituni ikiwa katika maua. Mavuno ni kuanzia Oktoba hadi katikati ya baridi. Kwa hiyo mwandishi anayeufuata msafara anaiona miti mizuri yenye majani ya rangi ya fedha, kivuli na vumbi, basi. Wanawake wa Calabria waliokuwa wakiinama kutwa nzima kuokota zeituni chini hawaoni, maana siku hizo hawakuwapo chini ya miti. Anachokiona ni watu waliojipanga kando ya barabara wakishangilia. Simlaumu Buzzati kwa hilo. Nasema tu kwamba msafara unapita wakati ambapo nchi inaonekana kama haina kazi.

Na kazi ilikuwapo, tena yenye damu ndani yake. Miezi mitano hivi baada ya msafara kupita Calabria, tarehe 29 Oktoba 1949, wakulima wa kijiji cha Melissa katika mkoa huohuo waliingia kulima ardhi ya bwanyenye iliyokuwa imelala bila kulimwa. Polisi wakawafyatulia risasi. Walikufa watatu: Francesco Nigro, Giovanni Zito na msichana Angelina Mauro. Mwaka uliofuata serikali ilitunga sheria ya kugawa ardhi katika eneo la Sila. Melissa haiko kwenye njia ya Giro ya mwaka huo, na Buzzati asingeweza kutabiri. Hata hivyo, mhakiki anayekisoma kitabu leo anajua yote mawili, na hana ruhusa ya kujifanya anajua moja tu.

Sasa nirudi kwenye maji. Waliokuwa wakiyaleta waliitwa gregari, yaani wasaidizi wa nahodha wa timu. Kwa lugha ya barabara zetu tungesema utingo. Kazi yao ilikuwa kusimama kwenye visima na mikahawa ya njiani, kujaza chupa, kisha kuchochea mwendo mpaka wamfikie bwana mkubwa. Nahodha akipata pancha, gregario anatoa tairi lake. Upepo ukiwa mkali, anatangulia yeye aukinge. Mmoja wa waliomtumikia Coppi, Andrea Carrea, mwaka 1952 alijikuta amevaa jezi ya njano ya Tour de France bila kukusudia. Badala ya kufurahi alilia, akaona amechukua mali ya nahodha wake. Kesho yake jezi ikaenda kwa Coppi. Jamani, utiifu wa namna hiyo tutauitaje? Upendo? Utumwa? Nadhani vyote viwili vimo, na utenzi wa mtu mmoja hauna ubeti wa kuuweka.

Nyuma kabisa ya Giro ya mwaka 1949 kulikuwa na mashindano mengine. Wakati huo wa mwisho kabisa alipewa jezi nyeusi na zawadi ya fedha. Luigi Malabrocca alikuwa ameipata mwaka 1946 na 1947, na 1949 alipigania tena nafasi ya mwisho dhidi ya Sante Carollo. Inasimuliwa kwamba siku ya mwisho Malabrocca alichelewa makusudi hadi waamuzi wakachoka kusubiri, wakampa muda wa kundi. Carollo akawa wa mwisho, saa karibu 10 nyuma ya Coppi. Watu huicheka hadithi hii, na kweli inachekesha. Ila ndani ya kicheko kuna hesabu ya njaa: mtu asiye na uwezo wa kuwa wa kwanza amegundua kwamba wa mwisho naye analipwa.

Kwa haki lazima niseme kwamba Buzzati mwenyewe ni mkubwa kuliko mfano wake wa Achilles. Msafara unapopita Cassino, mji uliosagwa na mabomu mwaka 1944, anawaacha waendeshaji waende zao, anawageukia wafu wa mji wa zamani ambao hawataamka kushangilia. Hapo hahesabu dakika. Kwangu mimi hizo ndizo kurasa bora za kitabu, nazo hazina shujaa hata mmoja.

Je, basi tuutupe utenzi? Hapa ndipo nilipokosea zaidi. Katika semina nilifanya lile tunalolipenda wote: nikaweka kisigino cha Achilles kando ya kitovu cha Fumo Liyongo, pale sindano ya shaba ilipopita. Nikaongeza kwamba Coppi naye alikuwa na kisigino chake: Desemba 1959 alikwenda Upper Volta, siku hizi Burkina Faso, akarudi na malaria. Madaktari wa kwao hawakuitambua kwa wakati, na tarehe 2 Januari 1960 akafa. Mfuatano ulikuwa mtamu. Lakini ulikuwa unamzungukia shujaa tena, na maji bado hayajabebwa.

Nilipaswa kumtazama mtu mwingine ndani ya utenzi uleule alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Liyongo akiwa gerezani hakujitoa kwa nguvu zake peke yake. Kijakazi alipeleka ujumbe nyumbani, akarudi na chakula, na ndani ya mkate wa wishwa ambao walinzi waliudharau mlikuwa na tupa ya kukatia minyororo. Kijakazi huyo hakuachwa bila jina. Anaitwa Saada. Tunamsoma shuleni na tunampita mbio, kwa sababu maswali ya mtihani huuliza sifa za shujaa.

Kwa hiyo nasahihisha hoja yangu. Utanzu hauna kosa, maana utenzi unaweza kumtaja mbeba tupa na shujaa asipungue hata shibiri. Kosa ni la msomaji anayekwenda moja kwa moja kwa aliyetangulia, na msomaji huyo nilikuwa mimi. Kitabu cha Buzzati bado nawashauri wenzangu wakisome. Wakisome kuanzia Palermo, wasirukie Izoard, na kila wanapofika kwenye kisima wasimame.

Na wewe dada wa mwaka wa pili, samahani kwa kuchelewa. Maji yalibebwa na gregari.