Vyuma Visivyoguswa

Reli ya Kati ikitoka Dodoma kuelekea Tabora huikata Wilaya ya Manyoni, na msafiri asiyeambiwa hudhani Ugogo, nchi ya Wagogo, ameuacha nyuma. Bado yumo ndani yake. Wagogo wa Manyoni, mkoani Singida, huimba nyimbo za ukoo mmoja na wenzao wa Bahi na Chamwino, na ala inayozibeba nyimbo hizo ni ileile: ilimba. Nataka kuisifu ala hii, na zaidi ya ala, mafundi wake.

Ilimba ni sanduku la mbao lenye uwazi ndani. Juu yake hupangwa vyuma vyembamba, virefu kwa vifupi, vikabanwa barabara upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili. Mpigaji huishika kwa mikono miwili na kuvichezesha vyuma kwa vidole gumba. Ilimba kubwa huwa na vyuma zaidi ya thelathini, na kila kimoja kina historia yake mikononi mwa fundi: kilikuwa msumari au kipande cha waya mnene, kikagongwa na kugongwa mpaka kikawa bapa, kikasuguliwa kisiumize kidole. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Chuma kikivutwa mbele kidogo, sauti hushuka; kikirudishwa nyuma, hupanda. Kukosea upana wa unywele kunatosha kuharibu, na fundi hana kipimo kingine isipokuwa sikio lake. Atakaa nacho, atakigusa, atakisogeza, atanyamaza kukisikiliza, atakisogeza tena. Kisha atahamia cha pili.

Sasa sikiliza jambo linalonifanya niwaheshimu watu hawa. Katika ilimba kubwa vimo vyuma ambavyo mpigaji havigusi kabisa. Vimepangwa pamoja na vingine, vimegongwa kwa jasho lilelile, vimelinganishwa kwa uvumilivu uleule, lakini kidole hakitavipiga. Kazi yao ni kuitikia. Chuma chenye sauti inayopatana na kimojawapo kikipigwa, hicho nacho hutetemeka chenyewe, na wimbo hujaa kana kwamba kuna watu wanaopokea kwa mbali. Fundi angeweza kuviacha. Mnunuzi asiyeijua ala hataona pengo lolote, na bei itabaki ileile. Lakini fundi wa kweli haviachi, kwa sababu sikio lake lingejua.

Hata mvumo ule wa chinichini, unaomfanya mgeni aulize kama kuna nyuki sandukuni, una kazi yake. Sanduku hutobolewa tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando mwembamba uliotolewa kwenye kifuko cha mayai ya buibui. Hewa ya ndani ikitikisika, utando nao huvuma. Ni kitu dhaifu. Ukichanika, fundi huondoka kwenda kumtafuta buibui mwingine. Haweki karatasi ili mradi kazi iishe.

Na sauti wanazozitafuta mafundi hawa si za kubahatisha. Muziki wa Kigogo umejengwa juu ya sauti ambazo uzi mmoja huzitoa kwa asili yake unapogawanywa nusu, theluthi, robo na kuendelea. Ya saba katika mfululizo huo haimo katika kinanda cha kanisani. Huangukia katikati ya vibonye. Wagogo wanaiimba bila taabu, na wapigaji wa zeze huipata juu ya nyuzi. Mtoto huipokea kwa kukaa karibu na waimbao, miaka kwa miaka. Wanawake wapigao ngoma za muheme nao wana uangalifu huohuo: ngoma katikati ya mapaja, ngozi imekwisha kuoteshwa moto ikakaza, na sauti zao zikipandana bila mmoja kumfunika mwenzake. Ngoma isiyopashwa moto ingelia vilevile, ila si kwa namna hiyo, nao hawako tayari kuipiga hivyo.

Naona mapenzi nayo yakikaa katika matendo yasiyotajwa, kama vile vyuma visivyoguswa. Kiangazi kikikaza Manyoni na maji yakawa ya kufuatwa mbali, yupo amwachiaye mwenzake ndoo ya mwisho aoge, wala hasemi. Nyumba nyingi zinasimama zaidi kwa matendo ya namna hiyo kuliko kwa maneno yaliyosemwa siku ya harusi mbele ya watu.

Mgogo aliyeipeleka sauti hii mbali kuliko wote ni Hukwe Zawose wa Doyoma, Dodoma. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akapiga katika majukwaa ya Ulaya, na mwaka 2002 akatoa albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook wa Kanada. Alifariki mwaka 2003. Alikuwa mwimbaji wa ajabu, lakini alikuwa pia mtengenezaji wa ala, na kwangu mimi mambo hayo mawili hayatengani: aliyekilinganisha chuma kwa mkono wake anajua anachokiomba anapokipiga.

Manyoni haikosi masikio ya namna hiyo. Linalokosekana ni nafasi ya kijana kukaa karibu na fundi muda wa kutosha. Walimu wakuu wa Manyoni na Itigi, vipindi vya sanaa mnavyo: mwiteni mzee mmoja anayetengeneza ilimba, mlipeni kama fundi anavyostahili kulipwa, na muwaache watoto wamtazame tangu msumari wa kwanza hadi utando wa buibui. Msimwambie aharakishe.