Baada ya Peponi: Tusome Nini?

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, iliyotoka London mwaka 1994, ilichukua miaka 28 kuifikia lugha ya watu wanaosimuliwa ndani yake. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi, ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kutunukiwa Tuzo ya Nobel. Wanafunzi wa uzamili wanapoimaliza huuliza wasome nini baadaye, na jibu lililozoeleka ni riwaya za Adam Shafi: Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), kisha Vuta N'kuvute (1999). Jibu hilo si baya, ila limeongozwa na mahali alikozaliwa mwandishi kuliko na kile ambacho riwaya yenyewe inakishughulikia. Peponi si riwaya ya Unguja. Ni riwaya ya msafara na ya deni. Kwa maoni yetu, msomaji wake anapaswa kurudi nyuma, kwenye nathari ya Kiswahili ambayo idara zetu huipitia kwa haraka zikikimbilia kwa Shaaban Robert.

Yusuf ana umri wa miaka 12 anapotolewa kwa tajiri Aziz kuwa rehani ya deni la baba yake, mwenye hoteli ndogo iliyofilisika. Anaambiwa kuwa Aziz ni jamaa yake. Kiingereza kina neno moja tu kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama, na uongo huo hupita ndani ya neno hilo bila kushtukiwa. Mfasiri wa Kiswahili hana pa kujificha: hana budi kuuchagulia uongo huo upande wa ukoo, na kwa kufanya hivyo humpa mtoto sababu zaidi ya kuuamini. Hapo ndipo Khalil, aliyemtangulia Yusuf katika utumwa huo wa dukani, anapoonekana mkatili na mkweli kwa pamoja anapomkataza kumwita tajiri kwa jina la udugu.

Hata hivyo, kuna kilichopotea. Maneno kama mnyapara na washenzi, ambayo katika matini ya Kiingereza yalisimama kama wageni wasiotafsiriwa na kumlazimu msomaji asite, katika Kiswahili yamerudi nyumbani na kunyamaza. Neno washenzi hasa limechakaa. Siku hizi ni tusi la barabarani, ilhali katika kinywa cha watu wa msafara lilikuwa ramani nzima, likitenga pwani na bara, Uislamu na kisichokuwa Uislamu, anayeuza na anayeuzwa. Kosa hili si la mfasiri. Msomaji atalazimika kuirejesha ramani hiyo kwa kusoma kwingine.

Wahakiki wameshaonyesha kwamba Gurnah alichota mengi ya msafara wake kutoka katika masimulizi ya Waswahili wenyewe, hasa yale ya Selemani bin Mwenye Chande katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1901. (Anayeufungua mkusanyo huo asikose safari ya Salim bin Abakari kwenda Urusi na Siberia, haihusiani na hoja yetu, lakini inafurahisha mno.) Kando ya Selemani tunaweka Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyeandika habari zake kwa Kiswahili kwa kuhimizwa na Heinrich Brode kabla ya kufariki mwaka 1905. Sentensi zake ni fupi, kitenzi kikifuata kitenzi. Huhesabu frasila za pembe, hutaja wadeni na wapinzani, na huruma haimkawizi njiani. Wapagazi humo ni idadi. Nyuma ya tajiri huyo alikuwepo Taria Topan, Mhindi wa Unguja aliyemkopesha mtaji.

Mnyororo wa mikopo ndio unaoziunganisha kazi hizi. Mhindi humkopesha tajiri, tajiri humkopesha mwenye duka, mwenye duka humtoa mwanawe. Tippu Tip ausimulia kutoka juu, Gurnah kutoka pale unapomfikia mtoto. Anayesoma Peponi peke yake huenda akaiona rehani ya Yusuf kuwa uovu wa mtu mmoja mwenye adabu nyingi na manukato. Akishamsoma Tippu Tip ataona kwamba Aziz hakuhitaji kuwa mwovu.

Chini zaidi kuna Uhuru wa Watumwa (1934) ya James Mbotela, habari za mateka wa bara waliookolewa baharini na manowari za Waingereza na kupewa makazi Frere Town, Mombasa. Kazi hii imepuuzwa kwa sababu ya shukrani zake kwa Waingereza, na ni kweli kwamba shukrani hizo huchosha. Lakini ndiyo pekee kati ya kazi hizi inayotoka katika ukoo wa waliotekwa, na wanaoikejeli wangetafakari sura ya mwisho ya Peponi, ambapo Yusuf anawakimbilia askari wa Mjerumani badala ya kubaki kwa Aziz. Shukrani ya Mbotela na mbio za Yusuf ni swali moja lililoulizwa kwa miaka 60 ya tofauti.

Kuna tahadhari moja. Matini za Velten na Brode ziliandikwa zikijua kwamba Mzungu ndiye atakayezisoma, na Mbotela aliandika ndani ya malezi ya misheni. Anayesimulia utumwa mbele ya mtawala aliyejitangaza kuwa adui wa utumwa ana mengi ya kunyamazia, na hatuna budi kuusoma ukimya huo pia. Kwa semina ya muhula mmoja tungeanza na Mbotela, twende kwa Selemani na Tippu Tip, na kuiacha Peponi iwe ya mwisho. Adam Shafi anaweza kusubiri muhula wa pili.