Kumhesabu Ndorobo

Ukitoka Tabora kuelekea kusini, ukaipita Sikonge, unafika Ipole, njia panda: barabara moja inashika Mpanda, nyingine inashika Rungwa mpaka Mbeya. Huko ni miombo, asali na ndorobo. Ndorobo, au mbung'o kama wanavyomwita wengine, hana subira. Huingia garini bila kukaribishwa, hupenda nguo ya buluu au nyeusi, hudunga hata juu ya shati, na akiwa na vimelea humwachia mtu malale na ng'ombe nagana. Warina asali wanaopiga kambi porini wanamjua kuliko profesa yeyote.

Hata hivyo, leo nawasifu maprofesa, au tuseme aina moja ya fundi aliye miongoni mwao: yule anayeandika mwenendo wa ugonjwa kwa hesabu. Wengi wetu tunamdhania mpiga ramli mwenye kompyuta. Tunamtaka atuambie mwakani watakufa wangapi, kisha namba ikikosea tunamcheka. Kazi yake si hiyo. Yeye hutafuta ni wapi, katika mambo mengi yanayouendesha ugonjwa, mkono mdogo wa binadamu ukisukuma kidogo mzunguko mzima utakatika.

Hesabu yenyewe, ikivuliwa alama zake, ni nyepesi. Mwaka 1927 William Kermack na Anderson McKendrick wa Uskoti waliwagawa watu mafungu matatu: ambao bado wanaweza kuugua, wanaoambukiza, na waliokwisha kupona au kufa. Kisha wakauliza watu wanahamaje kutoka fungu moja kwenda jingine. Kermack alikuwa mkemia aliyepofuka kwa ajali ya maabara mwaka 1924, kwa hiyo milinganyo mingi aliibeba kichwani. Walichoonyesha ni kwamba mlipuko hausubiri watu waishe ndipo ukome. Mgonjwa akishindwa kumwambukiza, kwa wastani, hata mtu mmoja, ugonjwa unafifia ilhali wazima bado wapo tele. Ronald Ross alikuwa amekwisha kusema jambo la namna hiyo kuhusu malaria: huna haja ya kumuua kila mbu, inatosha kuwapunguza chini ya kiwango fulani.

Kabla ya hesabu hizo, njia za misafara zilikuwa zimefundisha somo lake. Ndui ilisafiri na wapagazi kati ya Tabora na pwani. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka 1869, daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, hakuridhika kuhesabu maiti. Aliwahoji wasafiri na wafanyabiashara wa bara: mliukuta ugonjwa wapi, mwezi gani, mlipita njia ipi? Akaufuatilia nyuma hadi Pangani na nchi ya Wamasai, na mwaka 1876 akachapisha kitabu. Milinganyo hakuwa nayo, lakini maswali yake ndiyo ambayo fundi wa leo huanza nayo. Kijiji cha mbali kilicho kando ya njia kuu huugua kabla ya jirani asiye na njia. Ndiyo maana Ipole haiwezi kuwekwa kwenye modeli, yaani hesabu ya ugonjwa, kama nukta moja ya ramani. Lazima iingie pamoja na barabara zake, malori yake na wachungaji wanaoshusha mifugo kutoka kaskazini.

Ninayempenda kuliko wote hao ni mtu asiyejulikana sana, C. H. N. Jackson, mtafiti wa mbung'o aliyefanya kazi Tanganyika katika miaka ya 1930, na sehemu ya kazi hiyo aliifanyia Kakoma, ndani ya mapori haya ya Tabora. Tatizo lake lilikuwa la kuchekesha: utamhesabuje mdudu anayeruka? Akawakamata, akawatia kila mmoja nukta ya rangi mgongoni, akawaachia, kisha akarudi kuwakamata tena. Tuseme umetia alama ndorobo 100. Siku chache baadaye unawanasa 50, na watano kati yao wana nukta. Mmoja katika kumi ana alama, kwa hiyo pori hilo lina ndorobo kama 1,000. Ukirudia wiki baada ya wiki, nukta zinapungua, na kasi ya kupungua inakupa jibu la pili: wangapi hufa au huhama kila siku. Hakuna kompyuta hapo. Kuna rangi, daftari, jua kali, na vijana wa nyavu ambao majina yao hayatajwi leo, ingawa bila miguu yao Jackson asingekuwa na namba hata moja.

Jibu hilo la pili ndilo lenye thamani, na hapa ningependa msomaji achukue kalamu. Ndorobo akinyonya damu yenye vimelea haambukizi papo hapo. Vimelea hukomaa ndani yake kwa karibu wiki tatu, kwa hiyo ndorobo kijana si hatari. Wa kuogopwa ni kikongwe. Tuseme kila siku watatu katika mia hufa. Baada ya siku 20, kati ya 100 wamebaki 54. Sasa tundika vitambaa vya buluu na vyeusi vyenye dawa, ogesha ng'ombe dawa ya kuua wadudu, ili kila siku wafe wanne zaidi. Wanne tu! Baada ya siku zile zile 20 wamebaki 23. Vikongwe wamepungua kwa zaidi ya nusu, na hujakata mti wala kumpiga risasi mnyama.

Tena huo ni upande mmoja. Jike wa ndorobo hazai kama mbu. Hulea buu mmoja tumboni, humtoa kila baada ya siku tisa au kumi, na buu huyo hujichimbia udongoni na kukaa humo mwezi mzima hivi. Mama wa namna hiyo hana watoto wa kupoteza. Wataalamu wa hesabu za mbung'o hutaja hiyo hiyo asilimia nne ya vifo vya ziada kwa siku kuwa inatosha kulimaliza kundi zima pole pole. Ukimtazama mdudu huyu gizani mwa msitu huuoni udhaifu wake. Ukimwandika kwenye karatasi unajitokeza.

Unguja ni ushahidi. Kati ya 1994 na 1997 madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi, yakizalishwa Tanga, yalimwagwa kutoka kwenye ndege kwa mamilioni. Jike hupandwa kwa kawaida mara moja tu, hivyo aliyempata dume tasa amekwisha. Mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Lakini hesabu iliyosema ndiyo kwa Unguja haisemi ndiyo hivi hivi kwa Ipole. Unguja imezungukwa na bahari. Pori la Ipole limeungana na mapori ya Ugalla na Rungwa, na ukisafisha hapa leo, wa kule watahamia. Kisha kuna wanyama. Mwaka 1958, Kenya, vimelea vya malale vilipatikana kwa pongo, naye pongo haugui. Modeli ya mapori haya isiyo na pongo itakuambia ugonjwa umekwisha wakati umejificha tu.

Ufundi huu una doa, nami sitalifunika. Wakati wa Waingereza watu wa mapori haya walihamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika, wakakusanywa katika vijiji vikubwa ili vichaka vifyekwe na mbung'o asogee mbali. Kwa hesabu ya mdudu ilikuwa sawa. Mizinga, mashamba na makaburi ya watu havikuwamo kwenye hesabu. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977, aliieleza hoja kubwa zaidi: watu na mifugo yao ndio waliokuwa wamemzuia mbung'o, mpaka sotoka, njaa na vita vya mwisho wa karne ya 19 vikaiacha nchi wazi kwa vichaka.

Hesabu iliyonistaajabisha kuliko zote ilifanyiwa Serere, Uganda, ikachapishwa mwaka 2005. Malale yetu ya mashariki huua ndani ya miezi, na huanza kama malaria, kwa hiyo wengi hufa bila kupimwa. Utawahesabuje? Watafiti waliangalia uwiano wa wagonjwa wanaofika mapema na wanaofika vimelea vikiwa vimeshaingia kwenye ubongo. Kwa kuwa urefu wa kila hatua unajulikana, uwiano huo unafichua wangapi hawakufika kabisa. Wakapata kwamba kwa kila kifo kimoja kilichoandikwa, vifo kama 12 havikuandikwa popote. Namba hiyo ilitoka kwenye jambo dogo ambalo mganga yeyote wa zahanati anaweza kulitunza: karibu na jina la mgonjwa wa malale, aandike alifika katika hatua ya kwanza au ya pili.