"Mimea Vamizi" na Vichaka vya Mkwaja

Miongoni mwa istilahi zilizoenea upesi katika maandishi ya hifadhi ya mazingira, "mimea vamizi" ni mojawapo inayotumiwa kwa wingi na kuchunguzwa kwa uchache. Tunaikuta katika hotuba, katika magazeti na katika matangazo yanayowaita wananchi wajitolee kwenda na mapanga na majembe yao kufyeka vichaka vilivyoziba hifadhi ya mahali pao. Neno lenye kazi ya namna hii si pambo la lugha. Anayelishika hulishika pamoja na panga, na litakalokatwa au kuachwa hutegemea alivyolielewa. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tulipime, kwanza kwa sarufi, kisha kwa maana.

Sarufi haitatuchukua muda. Kivumishi -vamizi kimetokana na kitenzi vamia, kwa njia ileile iliyotupatia -chokozi kutokana na chokoza. Vivumishi vya kundi hili hupatana na nomino zake: mtoto mchokozi, watoto wachokozi, maneno machokozi. Basi yapasa tuseme mmea mvamizi, mimea mivamizi, magugu mavamizi, viumbe vivamizi. Umbo tupu, vamizi, lina haki yake katika ngeli ya nomino kama spishi na nyasi. Yaelekea lilitoka huko, katika "spishi vamizi", likabebwa kama lilivyo hadi kwenye mimea na viumbe. Ndivyo ilivyotokea pia kwa "mimea ngeni" badala ya mimea migeni. Hatujapata kumsikia mtu akisema "mizigo zito", na hatuoni kwa nini mimea inyimwe upatanisho ambao mizigo inaupata. Wako watakaojitetea kwamba vamizi hapa ni nomino iliyowekwa sambamba na nomino nyingine, kama katika "bata mzinga". Lakini nomino yetu ni mvamizi, na wingi wake wavamizi. Vamizi peke yake si nomino.

Kasoro ya maana ni kubwa zaidi. Mkataba wa Bayoanuwai wa mwaka 1992, katika ibara ya 8 kifungu (h), unazungumzia spishi ngeni zinazotishia mifumo ya ikolojia, makazi au spishi nyingine, na unazitaka nchi zizuie kuingizwa kwake, au zizidhibiti, au zizitokomeze. Hapo pana masharti mawili: ugeni na madhara. Kiswahili kimeyakusanya yote mawili katika neno moja, na kwa kweli neno lenyewe linaweza kuyabeba, kwa kuwa anayevamia hutoka nje. Mtu havamii nyumba yake mwenyewe. Tatizo huanza neno hilo linapotumiwa kwa kila kichaka kisichotakiwa.

Ipo mimea ambayo jina hilo limeifaa sawasawa. Gugumaji lilitoka Amerika ya Kusini, na tangu mnamo 1990 wavuvi wa Ziwa Viktoria wanalijua kwa mitumbwi iliyokwama na nyavu zilizopotea. Lantana, nayo ya Amerika, imewapa kazi kubwa wakazi wa Nairobi ambao tangu 2009 wamejiunga katika chama cha kuutunza msitu wa Karura. Gugu karoti, kutoka Amerika ya joto, lilionekana Arusha mwaka 2010 na kufuata kandokando za barabara. Hapa turuhusiwe kutoka nje ya njia kidogo. Jina "gugu karoti" limetungwa na wananchi kwa kutazama jani, nalo ni jina zuri kwa kulitambua gugu lenyewe. Lakini karoti ni chakula, na gugu hili likishikwa kwa mikono mitupu huwasha ngozi, na wengine huwapa shida ya kupumua. Hatupendekezi jina lifutwe. Tunasema tu kwamba tangazo lolote la kuwaita watu wakaling'oe, lisipotaja glavu na kitambaa cha kufunika pua, litakuwa limewadanganya kwa kutumia jina lisilotisha. Na mwarobaini je? Ni mgeni kutoka Bara Hindi, ndege hueneza mbegu zake, na katika pwani yetu huota bila kupandwa na mtu. Ila mti unaosifiwa kutibu maradhi arubaini hauitwi mvamizi kwa urahisi.

Sasa twende Mkwaja, katika wilaya ya Pangani, ambako istilahi yetu inashindwa kabisa. Mwaka 1952 ilianzishwa huko ranchi ya ng'ombe, mali ya kampuni ya Amboni iliyojulikana zaidi kwa mkonge. Ilidumu, pamoja na mbung'o na maradhi yake, hadi mwaka 2000. Kisha eneo lake likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005. Katika miaka hiyo ya ng'ombe, sehemu kubwa iliyokuwa ya nyasi ilifunikwa na vichaka na miti ya miiba. Watafiti kutoka Zürich, Uswisi, walioandika juu ya uoto wa ranchi hiyo mwaka 2003, waliuhusisha mpangilio wa uoto huo na ufugaji wenyewe. Si ajabu. Ng'ombe wakila nyasi hadi chini, moto wa kiangazi hukosa cha kuchoma, na miche ya miti ambayo ingeungua huokoka. Tena ng'ombe hula maganda ya baadhi ya miti hiyo na kuzibeba mbegu tumboni hadi watakapolala.

Ni miti gani hiyo? Mmoja ni mgunga ambao wataalamu waliuita Acacia zanzibarica. (Kongamano la Vienna la 2005, na la Melbourne la 2011 lililolithibitisha, ziliwapa Waaustralia jina Acacia, na migunga yetu ikapewa majina mengine, kwa bahati njema "mgunga" haukuhitaji kongamano.) Mti ambao hata jina lake la kisayansi limetaja Zanzibar utaitwaje mgeni katika pwani ya Tanga? Miiba yake iliyovimba ni nyumba za sisimizi. Wa pili ni mkulagembe, ambao nao ni mwenyeji wa Afrika. Kama Mkwaja iliwahi kuingiwa na kitu kutoka nje, kitu hicho ni ranchi. Mgunga ulikuwapo, ulipata nafasi, ukaitumia. Na mwaka 2011 wawili kati ya watafiti haohao waliandika juu ya kufa na kuchipua upya kwa misitu hiyo ya migunga baada ya ng'ombe kuondoka. Mvamizi gani huyu anayejifia mwenyewe aliyemfungulia mlango anapohama?

Mkulagembe unatupa ushahidi mwingine. Mti huohuo ulifika Cuba, ambako huitwa marabú, na huko umefunika mashamba mengi hata Raúl Castro akautaja katika hotuba yake ya tarehe 26 Julai 2007 mjini Camagüey. Kwa Mkuba, mkulagembe ni mvamizi bila ya shaka. Kwa mtu wa Mkwaja ni jirani aliyepanua boma. Istilahi isiyoweza kuzitenga hali hizi mbili haijatimiza kazi yake.

Tofauti hii hufika hadi mikononi. Mmea ukiwa mvamizi, anayejitolea huambiwa ang'oe kila mche, na akikosa mmoja kazi haijaisha. Mmea ukiwa mwenyeji uliozidi, kazi ni kuupunguza na kuzirudisha nguvu zilizokuwa zikiuzuia, yaani moto kwa wakati wake na wanyama walao majani ya miti, na mingine huachwa isimame kwa ajili ya twiga na sisimizi. Anayeingia Mkwaja na neno la kwanza ataharibu kwa nia njema. Kuna na jambo la kufyeka. Mkulagembe ukifyekwa huchipua tena kutoka mizizini, mara nyingine mwingi kuliko ulivyokuwa. Wazee waliouita mkulagembe, jina ambalo anayejua kwamba gembe ni jembe atalifahamu mara moja, na wale waliouita mvunjashoka, waliweka katika jina taarifa ambayo istilahi yetu haina. Kwa hiyo tungependa waandishi waache kuandika "kuondoa vichaka" na waseme waziwazi kama ni kufyeka, kukata, kupogoa, kung'oa au kuchimbua visiki. Hizo ni kazi tano.

Pendekezo letu ni hili. Mmea uliotoka nje, uwe na madhara au usiwe nayo, uitwe mmea mgeni. Mgeni anayeenea na kudhuru aitwe mmea mvamizi. Mwenyeji anayezidi hadi kubana wengine aitwe mmea msongaji, na hali yenyewe usongaji wa vichaka. Mkulima husema magugu yameusonga mpunga. Hatukutunga kitu kigeni. Tulilifikiria pia "kufunga", kwa kuwa watu husema pori limefunga, lakini nomino yake, mfungo, imekwisha kuchukuliwa na waumini. Atakayelalamika kwamba msongaji ni mpishi wa ugali tunamjibu kwamba hakuna atakayepeleka mwiko Saadani.

Juu ya watu wenyewe tutasema machache. "Kujitolea" si "msaragambo". Wapare waliotupatia neno la pili wanajua kwamba katika msaragambo asiyefika huulizwa, na pengine hutozwa. Wala si kibarua, ambacho kina ujira. Tangazo linaloita watu "kujitolea" kisha likaorodhesha majina ya watakaokosa, limechanganya maneno, na watu wataamini orodha.

Limebaki neno "asili", kwa maana kazi hizi husemwa kuwa ni za kurejesha uoto wa asili. Asili ipi? Nyasi za kabla ya 1952 nazo zilitunzwa na moto, na moto mwingi uliwashwa na watu. Lipo neno bora kwa mahali hapa, nalo tumelichakaza. Mbuga, kabla ya kuitwa hivyo kila hifadhi ya wanyama, ilikuwa ni uwanda wa udongo mweusi wa mfinyanzi, wenye nyasi, unaojaa maji masika na kupasuka kiangazi. Udongo wa namna hiyo ndio ambao mgunga wa Mkwaja unaupenda. "Kurejesha mbuga", kwa maana hiyo ya zamani, ni maneno ambayo mtu anaweza kwenda nayo mahali pale akajua anachotafuta. Tunawaomba wasomaji wa Pangani, Saadani na Bagamoyo watuletee majina wanayotumia kwa mbuga iliyoanza kuota miti, iliyokwisha kufunga, na ile ambayo miti yake imekufa ikiwa imesimama, ili kamati iyapate kabla haijatunga mengine.